Kisa cha Kaskazi: namna mchezo wa giza ulivyopata sauti yake

Mlango wa chombo cha anga ulipofunguka kwenye mchezo, wachezaji walitarajiwa kunyamaza. Badala yake mmoja wao alicheka, akauliza, "Mvua iko wapi?" Mwenzake naye akacheka, na kwa muda mrefu mazungumzo yakawa ya filamu. Mwongozaji alibaki ameshika karatasi zake. Kazi aliyoiandika kwa miezi iligeuka mzaha mbele ya macho yake, na kilichouleta mzaha huo ni muziki.

Mwongozaji mwenyewe ni kijana wa Mombasa. Mchana yuko ofisini, usiku anaandika na kuendesha michezo ya mezani ya kuigiza wahusika: watu wanaketi, kila mmoja anashika mhusika wake, mmoja anasimulia dunia, wengine wanasema wanafanya nini humo, na penye shaka dadu zinaamua. Anachokipenda ni bunilizi za kisayansi za upande wa giza. Vyombo vilivyotelekezwa angani, kampuni zisizojali roho za watu, mabaharia wa anga wenye madeni mengi kuliko oksijeni.

Kaskazi ni jina la chombo alichokibuni. Kilikuwa kinabeba madini, kikapotea miaka 11, kisha kikaonekana kinaelea kwenye kivuli cha sayari isiyo na jina. Wachezaji ni wafanyakazi wa uokoaji: wanaingia, wanakata chenye thamani, wanaondoka. Ndani hakuna aliye hai, lakini mfumo wa hewa bado unafanya kazi. Nani anauendesha, na kwa ajili ya nani? Fumbo lote liko hapo.

Wachezaji ni wanne. Wawili wanakuja sebuleni kwake Mombasa, mmoja anaingia kwa Discord, programu ya kuzungumzia mtandaoni, kutoka Dar es Salaam, na mwingine kutoka Göteborg, Uswidi. Wanacheza kwa Kiswahili na kwa kanuni za Mothership, mchezo uliotoka 2018. Kanuni hizo nazieleza kidogo kwa sababu zitahusika mbele. Kila mhusika anaanza na mkazo wa 2. Kila anaposhindwa kwenye dadu, mkazo unapanda kwa 1. Jambo la kutisha likitokea, anarusha dadu ya pande 20, na ikitoka namba isiyozidi mkazo wake, anapagawa. Kwa hiyo hofu tayari imo kwenye hesabu ya mchezo, na inakua yenyewe kadiri saa zinavyokwenda.

Muziki aliouandaa ulikuwa orodha ya vipande zaidi ya 60, vingi vikiwa vya filamu na vya michezo ya kompyuta, vikicheza bila mpangilio kutoka kwenye spika ndogo ya Bluetooth. Mlango ulipofunguka, orodha ilitoa muziki wa Vangelis wa filamu ya Blade Runner ya 1982. Ndiyo ikawa mvua. Filamu ile inatokea katika jiji la Los Angeles lenye mvua isiyokatika, na aliyeiona hawezi kusikia sinthesaiza ile, kinanda cha kielektroniki, ikipanda bila kuliona jiji. Mchezaji aliyeuliza mvua iko wapi hakuwa na utovu wa adabu. Alisema alichokiona.

Shida hazikuishia hapo. Waliokuwa sebuleni walilalamika kwamba muziki unawafunika wenzao wa mbali. Mchezaji wa Dar alisema hausikii kabisa, na ukisikika unakatikakatika. Wa Göteborg alikuwa na subira zaidi, hakusema kitu mpaka mwisho, ndipo akauliza kwa upole kama kulikuwa na muziki.

Kesho yake mwongozaji aliniandikia, kwa kuwa mimi hushughulika na sauti, hasa za michezo ya redio. Ujumbe wake nauweka hapa kwa ruhusa yake: "Ndugu yangu, kisa hiki nimekiandika chote na muziki huu masikioni. Mpaka leo nikiusikia mwili unasisimka. Mbona wao hawasisimki?"

Swali hilo lina jibu. Yeye anasisimka kwa sababu muziki ule umeshikana na saa zake za kuandika. Kila kipande kinamkumbusha ukumbi alioujenga, maiti aliyemlaza kwenye kona, mlango aliouacha wazi makusudi. Wachezaji hawana kumbukumbu hizo. Wanasikia sinthesaiza tu, au wanasikia filamu ya mtu mwingine. Muziki wa kuandikia ni jukwaa la miti la fundi mwashi: nyumba ikisimama, jukwaa linabomolewa. Yeye alikuwa amewaalika wageni walale kwenye jukwaa.

Alitegemea nimpe orodha nyingine ya nyimbo. Nilimwomba anitumie maandishi ya kisa chenyewe. Orodha nzuri ni rahisi kupatikana, lakini haitibu chochote kama mwandishi hajui chombo chake kinasikikaje, na nilikuwa na wasiwasi kwamba hajui.

Hiki ndicho chumba cha pili katika karatasi zake: "Ukumbi wa mizigo. Mkubwa, giza, taa nyekundu moja inawaka na kuzima. Makontena yamepangwa hadi juu. Maiti tatu zimevaa nguo za anga. Moja haina kofia." Ni maandishi mazuri, mafupi, yenye picha. Chumba cha tatu kiko hivyo hivyo, na cha nne. Rangi zipo, vipimo vipo, damu ipo pale inapohitajika. Sauti hakuna. Kurasa nyingi za chombo cha chuma chenye pampu, minyororo, valvu na mabomba, na karibu kila kitu humo kimekaa kimya.

Sikushangaa. Alipokuwa akiandika, upande wa sauti ulikuwa umejazwa na hedifoni. Aliandika "ukumbi mkubwa, giza" huku Vangelis akimsikilizisha ukubwa na giza lenyewe, kwa hiyo hakuona pengo. Alipoondoa hedifoni na kuwasomea watu, pengo likabaki karatasini.

Kuhusu kuandika na muziki kuna jambo moja linalojulikana vizuri. Mwaka 1989 watafiti Pierre Salamé na Alan Baddeley walionyesha kwamba muziki wenye uimbaji huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi ya maneno kuliko muziki wa ala peke yake. Anayeandika hutumia kumbukumbu hiyo hiyo. Anaishikilia sentensi kichwani kabla haijafika kwenye karatasi, na maneno ya mwimbaji yanapita njia ile ile. Ushauri wa kuepuka nyimbo zenye maneno unapoandika una msingi. Ila mwandishi wetu hakuwa akisikiliza waimbaji. Muziki wake haukumvuruga hata kidogo. Ulimsaidia kupita kiasi, na madhara ya namna hiyo hayagunduliki mapema kwa sababu wakati yanapotokea mtu anajisikia anaandika vizuri.

Nilimwomba afanye kazi moja kabla hatujagusa orodha: aketi bila muziki, asome kila chumba, na aandike mstari mmoja wa kile ambacho mtu anakisikia anapoingia. Alilalamika kidogo, kisha akafanya. Baadhi ya mistari aliyoleta ni hii. Kizuizi cha hewa: "valvu inapiga mluzi, kisha mnasikia pumzi zenu wenyewe ndani ya kofia." Ukumbi wa mizigo: "mnyororo mmoja unagonga kontena, lakini haugongi kwa mpigo sawa." Jikoni: "jokofu bado linanguruma." Chumba cha nahodha: "hakuna mnachosikia, ila soli za viatu zinatetemeka." Na chini ya karibu kila mstari alikuwa ameongeza, bila mimi kumwambia, neno moja: hewa.

Alikuwa amegundua mwenyewe. Kama fumbo la Kaskazi ni mfumo wa hewa unaofanya kazi pasipo mtu, basi sauti ya mfumo huo lazima iwepo kila mahali, kuanzia dakika ya kwanza. Ndio muziki wa mchezo mzima.

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekuwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, feni haziachi kuzunguka. Mahali ambapo vitu vinaelea, hewa ya moto haipandi juu, na pumzi aliyoitoa mtu aliyelala inaweza kubaki imemzunguka usoni mpaka ikamdhuru, isiposukumwa. Ndiyo maana kituo kile kina kelele mchana na usiku. Anayeishi humo hukaa ndani ya mvumo, na mvumo ukikatika anajua kuna hatari. Filamu nyingi za anga zimetuzoesha kwamba kimya cha chombo ni utulivu. Kwa wanaokaa humo kweli ni kinyume chake, na mwandishi wa hadithi za giza ana mali kubwa hapo ambayo wengi hawaichoti.

Tukaja kwenye sebule. Mombasa mwezi wa Machi, kabla masika hayajashuka, hakuna mtu anayecheza kitu chochote kwa saa nne bila pangaboi. Mwongozaji alikuwa akilichukia pangaboi lake kwa sababu lilimeza kila sehemu ya chini ya muziki wake. Nilimwomba anirekodie sebule ikiwa tupu, pangaboi likizunguka. Kwenye rekodi ile kulikuwa na upepo wa mabawa, mvumo wa mota, na kwa mbali jokofu la jikoni. Umeme wa Kenya ni wa Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mashine nyingi za nyumbani huvuma kwenye maradufu ya namba hiyo, hasa Hz 100. Nilisikiliza rekodi hiyo kwa furaha niliyoshindwa kuificha. Kaskazi ilikuwa tayari imo ndani ya nyumba yake.

Uamuzi wetu wa kwanza ukawa huo: pangaboi lisipiganwe nalo, liajiriwe. Alilirekodi kwa simu akiwa amesimama juu ya meza, akaingiza rekodi kwenye Audacity, programu isiyolipiwa, akaipunguza mwendo kwa nusu. Sauti ikipunguzwa hivyo hushuka oktavu moja na kurefuka mara mbili. Mvumo wa Hz 100 unakuwa wa Hz 50, na upepo wa mabawa unakuwa kitu kikubwa kinachopumua polepole. Juu yake akaiacha rekodi ya asili, kwa sauti ndogo, kwa sababu spika ndogo na simu hazitoi vizuri sauti za chini sana, na asiyesikia ule wa chini angalau ausikie wa juu.

Hapo kuna ufundi mmoja ambao ningependa uenee. Sauti mbili zinazokaribiana idadi ya mitetemo bila kulingana huzaa mapigo: ukiweka mvumo wa Hz 98 chumbani mwenye jokofu la Hz 100, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara 2 kwa sekunde, ingawa hakuna aliyeipiga. Alitengeneza mvumo unaotembea polepole kati ya 98 na 100 kwa muda wa zaidi ya saa nzima. Msikilizaji hawezi kusema kilichobadilika. Anajua tu kwamba chumba hakitulii.

Wachezaji wa mbali walihitaji njia yao. Kilichomsumbua mchezaji wa Dar hakikuwa intaneti. Discord ina kichujio cha kelele ambacho kazi yake ni kuacha maneno yapite na kuondoa kinachoendelea nyuma yake: feni, magari, mvumo. Muziki wa aina hii, mrefu na usio na mdundo, kwa kichujio hicho ni kelele tupu. Ukiupitisha kwenye maikrofoni ya laptopu pamoja na sauti yako, unaondolewa kwa bidii, na kinachofika ni vipande. Zamani wengi walitumia roboti za muziki ndani ya Discord, lakini mbili zilizokuwa maarufu kuliko zote, Groovy na Rythm, zilifungwa 2021 baada ya Google kuzitaka ziache kuchota nyimbo za YouTube. Sisi tulichagua njia ya kawaida kabisa: faili moja refu likatumwa kwa kila mchezaji wa mbali mapema, alisikilize kwa hedifoni kwenye simu yake, na aliwashe anapoambiwa. Watu watatu katika nchi tatu hawawezi kubonyeza kwa wakati mmoja kabisa, lakini mvumo hauna mdundo, kwa hiyo sekunde chache za tofauti hazidhuru. Tukio moja tu lilihitaji wote waende pamoja, nalo litafuata.

Ndipo tukarudi kwenye vile vipande zaidi ya 60, tukavipitisha kwenye swali moja: je, sauti hii inaweza kutoka ndani ya Kaskazi? Vangelis akaondoka wa kwanza. Nampenda mno, na albamu ile, ambayo ilitoka rasmi 1994, naisikiliza mpaka leo, lakini muziki wake una mtu ndani yake anayehuzunika, na Kaskazi haina mtu. Mtunzi Ligeti aliondoka kwa sababu nyingine. Kazi yake ya Lux Aeterna ya 1966 imeandikwa kwa sauti 16 za waimbaji, na sauti za watu, hata zikiimba Kilatini kisichoeleweka mezani, zinagombana na sauti za wachezaji. Isitoshe, kazi hiyo imo kwenye filamu maarufu ya anga ya 1968, 2001: A Space Odyssey, na tungerudi kule kule kwenye mvua. Vipande vya michezo ya kompyuta viliondoka vyote. Vimetengenezwa kumwambia mchezaji sasa ni vita, sasa umeshinda, na mezani kazi hiyo ni ya dadu.

Tulibishana kidogo kuhusu Louis na Bebe Barron, mke na mume wa Marekani ambao mwaka 1956 walitengeneza muziki wote wa filamu ya Forbidden Planet kwa saketi za umeme walizozijenga wenyewe, wakizisukuma mpaka nyingine zinaungua. Kwenye filamu ile mara nyingi huwezi kujua kama unachosikia ni muziki au ni mashine ya chombo. Mwongozaji alitaka vipande vyao mezani. Niliona milio yao imechangamka kupita kiasi kwa Kaskazi, inalialia kama viumbe, na ingetupeleka kwenye anga la miaka ya hamsini. Tulichochukua kwao ni mbinu: kutoonyesha mpaka kati ya muziki na mashine.

Kilichobaki ni kidogo. Albamu ya Dark Matter ya mwanamuziki Lustmord ya 2016, iliyojengwa kutokana na sauti za anga alizokusanya kati ya 1993 na 2003, zikiwemo za NASA, ikapewa nafasi mbili: ukumbi wa mizigo na sehemu ya chini ya injini. Ni muziki wa kina unaohitaji spika kubwa, akaazima moja kwa jamaa yake. Kila mahali pengine, faili la pangaboi. Na nje ya chombo, wachezaji wanapotembea juu ya ganda lake, hakuna kitu, maana pasipo hewa sauti haisafiri. Wanasikia kinachopita kwenye chuma wanachokigusa, na hicho mwongozaji alikifanya kwa kugonga chini ya meza kwa kidole.

Wimbo wenye maneno ulibaki mmoja. Katika chumba cha mpishi wa chombo, maandishi yalisema kuna redio inayocheza "wimbo wa zamani wa kusikitisha." Mwongozaji alifikiria kuweka wimbo wa Kimarekani, kama filamu zinavyofanya. Nilimuuliza mpishi ni mtu wa wapi. Akafikiri, akasema ni Mswahili, bila shaka, kama wafanyakazi wote wa Kaskazi. Basi kwa nini asisikilize taarabu? Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, za kwanza kuisambaza sauti yake Pwani nzima, na rekodi za enzi hiyo zina mkwaruzo ambao huhitaji kuuongeza. Hapo maneno yalitakiwa. Wachezaji walioacha kusikiliza kitu chochote isipokuwa mvumo wangesikia lugha yao, kwa sauti ya mtu aliyekufa zamani sana, mahali ambapo hakuna aliye hai.

Alitaka kuipiga kupitia spika kubwa. Nilimkataza, na katika kisa hiki chote ndilo jambo pekee nililosisitiza kwa nguvu. Redio ya mpishi iko mahali, ina ukuta na meza yake. Simu iliwekwa ndani ya sufuria tupu, sufuria ikawekwa jikoni, mlango ukarudishwa nusu.

Kabla ya kikao kipya aliwauliza wachezaji ni sauti gani wasingependa kuisikia. Watu wengi huuliza kuhusu damu na watoto na kusahau sauti. Mchezaji mmoja anafanya kazi wodini, akaomba kusiwe na mlio wa mashine ya kupima moyo. Anausikia kutwa na hataki kukutana nao usiku. Mlio huo ulikuwemo kwenye chumba cha matibabu. Ukatolewa, ukawekwa mfuko wa dripu unaodondoka, na kwa maoni yangu chumba kikawa kibaya zaidi.

Kiwango cha sauti kilipimwa kwa njia rahisi. Mchezaji wa mbali alinong'ona sentensi. Walio sebuleni wakishindwa kuirudia, muziki unashushwa. Ulishushwa mara kadhaa, mpaka mwongozaji akasema sasa hausikiki. Ulikuwa unasikika. Masikio yake yalikuwa yamezoea kuusikia ukiwa mbele.

Nilisikiliza kikao hicho kwa Discord, nikiwa nimezima maiki yangu. Mwanzoni hakuna aliyesema lolote kuhusu sauti, na hiyo ilikuwa dalili njema. Kwenye ukumbi wa mizigo walianza kuzungumza polepole bila kuombwa. Taarabu ilipoanza, mmoja wa waliokuwa sebuleni aliinuka kitini akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo, na kutokea hapo ndipo aliposema mhusika wake anafanya nini. Wa mbali walisikia uimbaji kwa vipande, kwa kuwa kichujio kiliila fidla na kubakiza sauti ya mwanamke ikija na kupotea. Hilo hatukulipanga, na sijui kama tungeweza kulipanga vizuri hivyo.

Halafu chumba cha feni kuu. Mchezaji aliyeshika fundi mitambo alikuwa na mkazo wa 9. Alijaribu kufungua kifuniko, dadu ikamkatalia, mkazo ukawa 10. Mwongozaji akasema neno moja kwenye Discord, "Zimeni," kisha akaenda ukutani akazima pangaboi.

Sebuleni mabawa yalichukua muda kusimama. Joto lilianza kushuka juu ya watu kabla hajasimulia lolote. Kwa mbali nilimsikia mmoja akiuliza kwa sauti ya chini, "Hewa?" Fundi akarusha dadu ya pande 20, akapata 7, akapagawa. Kilichofuata walikifanya wenyewe, haraka, wakikatizana maneno, na muziki haukurudi mpaka kikao kikaisha.

Mchezaji wa Göteborg alisema baadaye kwamba kwake kukatika kule kulikuwa kudogo. Alikuwa peke yake kwenye chumba kilichotulia, mvumo ulipozima akabaki na utulivu wa kawaida wa nyumba yake, na joto hakuwa nalo. Ana haki. Tumefikiria safari ijayo faili lake liishie kwenye pumzi ya ndani ya kofia, ikienda kasi, badala ya kimya, lakini hatujalijaribu. Mwingine alipata maumivu ya kichwa kutokana na spika kubwa. Mvumo wa chini unachosha mwili hata usipoonekana kuwa mkubwa, na tangu hapo ukumbi wa mizigo una kikomo: baada ya kama nusu saa Lustmord anapunguzwa, kisha anatoka.

Sasa mwongozaji anaandika sehemu ya pili, itakayochezwa baada ya Ramadhani. Vangelis amerudi masikioni mwake, na nilimtia moyo amrudishe, kwani anampa hamu ya kukaa mezani usiku baada ya siku ndefu ya ofisi. Ila rasimu ya kwanza ikikamilika, hedifoni zinavuliwa, na anapitia kila chumba akiandika mstari wa sauti kabla hajarekebisha kitu kingine. Tunabishana kuhusu sayari yenyewe, ambako wachezaji watakimbizwa. Yeye anataka mdundo, ngoma ya kweli, kwa sababu watu wakikimbia damu inadunda. Mimi nasema mdundo utawapangia mwendo wachezaji ambao huchukua dakika nzima kuamua wakimbilie kushoto au kulia, na ngoma inayokimbia juu ya watu wanaofikiri inachusha. Amenitumia kurasa tatu za mwanzo ili anishawishi. Mstari wa sauti wa uwanda wa kutua unasema: "mchanga unapiga kioo cha kofia, upande mmoja tu." Muziki wake hatujauchagua.